Aliyefunga Mzigo Naye Ahesabiwe

Ndugu msikilizaji, historia ya usafiri katika nchi yetu imeandikwa kwa majina ya reli, barabara, madaraja na wakubwa waliokata utepe. Tunafundishwa kwamba Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tunafundishwa kwamba tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, lenye urefu wa kilometa zipatazo 210, lilianza kazi mwaka 1950. Yote hayo ni kweli, na ni vizuri watoto wetu wayajue. Lakini liko swali moja ambalo halijibiwi katika masomo hayo, nalo ni hili: ule mzigo uliofika salama, nani aliufunga?

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kamba na turubai. Nazungumzia ule ufundi wa kupanga magunia juu ya lori la bodi wazi, lisilo na paa wala kuta za maana, kisha kuyafunika kwa turubai na kuyakaza kwa kamba mpaka yakawa kitu kimoja na lori lenyewe. Wapo watakaocheka na kusema kwamba kufunga kamba si somo la historia. Mimi nasema ni somo la historia, tena lina uchungu ndani yake, kwa sababu kila fundo lililolegea njiani liliondoka na jasho la mtu.

Mfano wangu ni Mamba, katika nchi ya Wapimbwe, kule Bonde la Ziwa Rukwa. Msikilizaji asiyepajua naomba anifuate kidogo. Zamani Mpanda ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka 1974 ulipoundwa Mkoa wa Rukwa, Mpanda ikaingizwa humo, na mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Mamba iko upande wa kusini wa mkoa huo, chini ya ukuta wa milima ya Ufipa, katika mstari mmoja na Kibaoni, Usevya na Majimoto. Ardhi yake ni ya bonde, ina maji, na mpunga unastawi. Mahindi nayo yapo. Kupata mavuno hakujawa taabu kubwa ya watu wa Mamba. Taabu yao ya miaka mingi imekuwa ni kuyatoa mavuno hayo bondeni yakafika kwa mlaji.

Tazama njia zenyewe. Ukitaka kwenda Mpanda kwenye reli, ulipita Kibaoni, ukakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ukatokea Sitalike. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, na ndani yake wanyama ni wengi, tembo, nyati, simba na viboko. Ukitaka kwenda Sumbawanga na hatimaye Tunduma, ilikubidi uupande ule ukuta wa Ufipa, kona juu ya kona, lori likinguruma kwa gia ya chini. Kwa njia ya kwanza, mzigo ukimwagika unaokota magunia mbele ya nyati. Kwa njia ya pili, mzigo ukirudi nyuma mlimani unaweza kulivuta lori zima korongoni. Kwa hiyo mkazi wa Mamba hakuhitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba kamba ni uhai. Alilijua hilo tangu utoto.

Lakini kufunga mzigo hakukuanza na lori. Kabla ya lori palikuwa na mabega ya watu. Katika karne ya 19, misafara ya pwani iliyopita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea mpaka Ziwa Tanganyika, ilitegemea wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Ndipo tukapata ule usemi wa mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Mpagazi alibeba frasila 2 hivi, yaani kama kilo 32, mbali na chakula chake, sufuria na silaha. Nguo za merikani zilikunjwa, zikabanwa kwa nguvu, zikaviringishwa kwenye jamvi na kufungwa kwa kamba mpaka zikawa kitu kigumu kinachokaa begani bila kupinda. Mzigo wa namna hiyo uliitwa mtumba. Leo tukisema mitumba tunafikiria nguo za Ulaya zilizokwisha kuvaliwa, lakini neno lenyewe ni la mpagazi na kamba yake. Mtumba uliofungwa vibaya ulimchubua mtu bega, ukamchelewesha, na msafara mzima ukamsubiri.

Na hapa Mpimbwe pana kisa ambacho nadhani kila mwanafunzi wa Katavi angepaswa kukijua. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia jaribio la ajabu. Tembo 4 wa Kihindi, waliokwisha kufundishwa kazi, waliteremshwa katika pwani ya Dar es Salaam ili wabebe mizigo mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo chao. Mkuu wa msafara huo alikuwa Nahodha Carter. Shabaha ilikuwa kuondokana na wapagazi, na baadaye kuwafundisha tembo wetu wa Kiafrika kazi hiyo hiyo. Si tembo wote waliofika Karema, maana njiani walikufa mmoja baada ya mwingine. Mwaka uliofuata, 1880, Carter mwenyewe pamoja na mwenzake Cadenhead waliuawa katika nchi hii ya Mpimbwe, wakati majeshi ya Mirambo na washirika wake yalipoivamia. Jaribio likafia hapo.

Kwa nini nakikumbuka kisa hicho katika mazungumzo ya kamba? Ni kwa sababu kinatuonya. Kila zama watu hupenda kuamini kwamba shida ya usafiri itakwisha wakipata mnyama mwenye nguvu zaidi au mashine yenye nguvu zaidi. Nguvu ni kitu kizuri. Lakini nguvu bila njia, bila malisho, na bila mtu anayejua mzigo ukae vipi mgongoni, haifiki mbali. Tembo alishindwa, na mpagazi akaendelea kufunga mtumba wake.

Tuje sasa kwenye lori. Reli ya Mpanda ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya machimbo ya Uruwira, wala haikujengwa kwa ajili ya mpunga wa Mamba. Machimbo yenyewe yakafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, na behewa haliwezi kumfuata mkulima shambani. Ilibidi mazao yaletwe stesheni, na aliyeyaleta ni lori. Lori lililofaa lilikuwa lile la bodi wazi. Lilipakia magunia likitoka bondeni, na likirudi lilipakia chochote: mabati, saruji, mapipa ya mafuta, chumvi, vitanda vya hospitali, hata ng'ombe kama mbao za pembeni ziliruhusu. Lori lenye sanduku la bati lisingeyaweza hayo yote. Lakini ule uwazi wake ndio udhaifu wake pia. Hakuna kinachozuia mvua, vumbi, upepo wala mwizi isipokuwa turubai, na hakuna kinachoushikilia mzigo isipokuwa kamba.

Sasa naomba nieleze kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi wetu tunaiona kila siku bila kuitazama.

Kwanza ni kupanga. Gunia la kwanza hulazwa mbele kabisa, likigusa ule ubao ulio nyuma ya kichwa cha lori. Hapo pasiachwe nafasi, kwani dereva akikanyaga breki mzigo wote hutaka kuendelea na safari. Waingereza katika mwongozo wao wa usalama wa mizigo wanataka mzigo uzuiwe kwa nguvu inayolingana na uzito wake wote usiende mbele, na nusu ya uzito wake usiende pembeni wala nyuma. Utingo wetu hakusoma mwongozo huo, lakini anajua kuwa mbele ndiko kwenye hatari kubwa. Safu ya kwanza hulazwa kwa urefu, ya pili kwa upana, kama fundi mwashi anavyopanda matofali, ili kila gunia likanyage kiungo cha magunia mawili ya chini. Kadiri mzigo unavyopanda ndivyo safu za pembeni zinavyoingizwa ndani kidogo. Mzigo uliopangwa hivyo hujibana wenyewe hata kabla ya kamba. Uliopangwa ovyo hauokolewi na kamba yoyote.

Pili ni turubai. Kama lori ni refu na maturubai ni mawili, anayejua huanza kufunika nyuma, kisha la mbele akalilaza juu ya la nyuma. Ukifanya kinyume, upepo wa mwendo unaingia katika kiungo, unalipuliza turubai kama tanga la jahazi, na baada ya kilometa chache limechanika. Kwenye pembe, turubai hukunjwa kama mtu anayefunga zawadi, na mdomo wa kunjo huelekezwa nyuma. Hiyo nayo ni kwa ajili ya upepo na mvua.

Tatu ni kamba. Mmoja husimama chini na kuirusha juu ya mzigo, wa upande wa pili akaipokea. Kwenye ile kamba inayoning'inia, usawa wa kifua, anatengeneza kitanzi. Mkia wa kamba anaushusha mpaka kwenye kulabu iliyo ukingoni mwa bodi, anaurudisha juu na kuupitisha katika kitanzi, kisha anavuta kwenda chini kwa uzito wa mwili wake wote. Hapo kitanzi kinafanya kazi ya kapi. Kwa hesabu za darasani, mtu mmoja anavuta kwa nguvu za watu 3. Msuguano wa kamba kwa kamba hula sehemu kubwa ya faida hiyo, lakini msuguano huo huo ndio unaoizuia kamba isirudi wakati anamalizia fundo. Na uzuri wa fundo hili ni kwamba likifika mwisho wa safari hufunguka kwa mkono, hata kama lilibeba tani nzima. Madereva wa Uingereza walilitumia fundo hilo hilo. Mabaharia wa pwani yetu nao, kwa kamba na abedari, waliijua hesabu yake kabla ya lori la kwanza kuonekana.

Nne, na hapa ndipo fundi anapotambulikana, ni kusimama. Baada ya kilometa chache za barabara mbovu magunia hushuka na kukaa, na kamba iliyokuwa ngumu kama chuma inaanza kucheza. Utingo mzuri humgongea dereva, lori linasimama, anazunguka mzigo mzima na kukaza upya. Dereva mwenye haraka huchukia kusimama huko. Nimewaona wakigombana kwa jambo hilo, na mara zote moyo wangu ulikuwa upande wa utingo.

Ndugu msikilizaji, kulikuwa na wakati ambapo uchumi wa nchi mbili ulifungwa kwa kamba. Mwezi Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wenzake walijitangazia uhuru kule Rhodesia. Zambia, ambayo ilipitisha mafuta na shaba yake upande huo, ikajikuta imefungiwa mlango. Malori yakaanza kupeleka mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na kurudi na shaba, katika barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya nchi mbili, na malori yake ya Fiat yalijulikana njia nzima mpaka Tunduma na kupita. Wazungu waliipa njia hiyo jina la mbio za jehanamu. Pipa la mafuta ni mzigo mbaya kuliko gunia, kwa sababu linabiringika, linateleza na linawaka. Waliolifunga likafika walifanya kazi ya ukombozi sawasawa na wengine, ingawa hawakuvishwa nishani. Reli ya TAZARA ilikuja kupunguza mzigo huo katika miaka ya 1970, lakini njia ile ilikuwa imekwisha kuwa shule kubwa ya kufunga mizigo.

Huku Rukwa nako mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, karibu na mbali, na Shirika la Usagishaji la Taifa, yaani NMC, likawa mnunuzi. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikaitwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Kwa mkulima wa mbali bei moja ilikuwa neema, maana gharama ya umbali ilibebwa na taifa. Lakini mahindi hayakuweza kutembea kwa miguu. Malori yalikuwa machache, vipuri na matairi havikupatikana, na miaka ya mavuno mazuri mahindi yalirundikwa nje chini ya maturubai yakisubiri usafiri. Turubai lililokusudiwa kufunika safari ya siku mbili likageuka paa la ghala kwa miezi. Jua lilipolipasua, mvua za Novemba zikaingia. Hapo ndipo watu wengi walipoona, pengine kwa mara ya kwanza, thamani ya kitambaa kile kizito walichokidharau.

Kisha milango ikafunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1984 mtu binafsi aliruhusiwa kusafirisha mpaka kilo 500 za nafaka, na mwaka 1987 ukomo huo ukaondolewa. Wafanyabiashara wakashuka bondeni na malori yao. Wasukuma waliohamia bondeni na mifugo yao wakatoa mpunga mashambani kwa mikokoteni ya ng'ombe, nayo ikifungwa kwa kamba. Mamba ikachangamka. Fedha ikaonekana mkononi siku hiyo hiyo. Lakini pamoja na fedha ikaja dhuluma mpya, na lazima tuseme ukweli kwamba kamba ilishiriki.

Nazungumzia lumbesa. Ushuru na nauli vilipohesabiwa kwa gunia na wala si kwa kilo, mnunuzi alipata faida kila alipoongeza ujazo wa gunia moja. Gunia likajazwa mpaka mdomoni, likaongezewa kilemba juu, na kilemba hicho kikashonewa wavu wa kamba kwa ustadi mkubwa. Ustadi ule ule uliomlinda mkulima barabarani ukamnyang'anya mezani. Sheria ya Vipimo ipo tangu mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo hausemi jambo jingine ila gunia lisizidi kilo 100. Hata hivyo lumbesa imekuwa ngumu kufa. Na angalia jinsi inavyoharibu kila kitu: gunia lenye kilemba halilaliki vizuri, safu haishikani, mzigo unakwenda juu kuliko kawaida, na lori linayumba kwenye kona. Mkulima ameibiwa, na utingo amewekwa katika hatari, kwa gunia lile lile moja.

Vifaa navyo vilibadilika. Kwa miaka mingi kamba yetu ilikuwa ya katani, zao ambalo Mjerumani Hindorf alilileta Tanga mwaka 1893 na ambalo mwaka 1964 lilifikia kilele cha tani zipatazo 230,000. Kamba ya katani ni chakavu mkononi, inachubua, lakini inashika. Ina tabia moja ya kujua: ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea, kwa hiyo aliyefunga mzigo mvuani alipaswa kuukagua jua lilipotoka. Magunia nayo yalikuwa ya katani au juti, yenye ukavu wa kushikana. Kisha ikaja kamba ya manila, ya plastiki, nyepesi na ya rangi nzuri, haiozi kwa maji. Lakini inateleza kwenye fundo, na jua huila polepole mpaka siku moja inakatika bila kuaga. Ikaja na mifuko ya sandarusi, ambayo ukiipanga juu ya mwenzake inateleza kama samaki. Fundi wa zamani alilazimika kujifunza upya: azungushe mara moja zaidi, aweke kipande cha gunia kuukuu chini ya kamba penye ukingo mkali, akaze mara nyingi zaidi. Hakuna aliyemwita semina. Alijifunza kwa hasara.

Duniani kwingine ufundi huu umekwisha kurudi nyuma. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli moja, na dunia ya bandari ikageuka. Mwaka 1969 kampuni moja ya Uingereza, Boalloy, ilitoa trela lenye mapazia ya pembeni yanayofungwa na kufunguliwa kwa dakika chache. Ikaja pia mikanda yenye kikazio cha meno. Huko, kijana wa leo anaweza kuendesha lori mpaka astaafu bila kujua kukunja pembe ya turubai. Hapa kwetu lami imefika Sumbawanga kutoka Tunduma, na Mpanda imeunganishwa na Tabora kwa lami. Malori marefu yanakuja, na mikanda ya meno inakuja nayo. Mimi siilaani hata kidogo. Mkanda mzuri unashika kuliko kamba chakavu, na hauhitaji mtu apande juu kileleni usiku.

Lakini mkanda haupangi magunia. Mkanda haujui kwamba mzigo umekaa baada ya kilometa 10. Mkanda hausemi na dereva mwenye haraka. Ujuzi ulikuwa katika jicho na uamuzi wa mtu, na kamba ilikuwa chombo tu. Tukidhani tumenunua ujuzi kwa sababu tumenunua mkanda, tutarudia kosa la wale walioleta tembo wakadhani wamemaliza shida ya usafiri.

Ndipo nafika kwenye jambo linaloniuma. Mtu huyu tunamlipaje? Utingo mara nyingi hulipwa kwa safari, bila mkataba ulioandikwa. Analala juu ya mzigo ili usiibiwe. Kamba ikikatika wakati anaivuta kwa mwili wote, anaanguka chali, na wako walioanguka hivyo hawakuinuka tena kama walivyokuwa. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008. Lakini mfuko humfikia mfanyakazi aliyesajiliwa na mwajiri wake, na asiyeandikwa popote atadai kwa jina gani? Aidha, mzigo ukilowa au ukimwagika, mfanyabiashara hukata hasara yake mahali panapokatika kirahisi: katika ujira wa utingo, na katika bei atakayompa mkulima wa Mamba msimu unaofuata. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulioko mbali na bonde, tunaokula wali bila kuuliza ulikotoka, mzigo huo tumeuona ni usufi.

Kadhalika wako abiria. Kwa miaka mingi, mahali pasipo na basi, watu walipanda juu ya magunia na kushika kamba ile ile iliyoshika mzigo. Mama na mtoto, mwanafunzi na sanduku lake, mgonjwa anayekwenda hospitali. Si desturi ya kusifiwa, na iliua watu. Lakini tusimhukumu aliyepanda kabla hatujaiuliza barabara na basi vilikuwa wapi. Kwa abiria hao, fundo la utingo lilikuwa ndiyo bima pekee.

Nini kifanyike? Nina mambo matatu mepesi. Kwanza, VETA, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1994, imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, kama mwashi, seremala au mpishi. Kufunga na kupanga mizigo kuingizwe humo, ili utingo mwenye miaka 20 ya kazi awe na cheti chake na aweze kudai ujira wa fundi. Pili, mwenye lori aandike jina la utingo wake katika karatasi za ajira kama anavyoandika la dereva. Tatu, walimu wa Mpimbwe na Mpanda wawatume wanafunzi wao kwa wazee waliofanya kazi hiyo wakaandike. Wakaulize majina ya mafundo kwa Kipimbwe, kwa Kifipa na kwa Kiswahili cha barabarani. Wakaulize gunia la kona hulazwa vipi. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na ujuzi usioandikwa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Kamba hukatikia pabovu, ndivyo wanavyosema wazee wetu. Katika safari ya mpunga kutoka Mamba mpaka kwenye sahani ya mtu wa mjini, tumeimarisha barabara, tumenunua malori makubwa, tumetunga sheria za vipimo. Pabovu pamebaki pale tulipomsahau mtu aliyesimama chini ya mzigo, mkia wa kamba mkononi, akivuta kwa uzito wake wote ili mavuno ya mwingine yafike. Siku tutakapohesabu waliojenga uchumi wa nchi hii, naye ahesabiwe.